Neno la Siri la Bwana Akiba

Fundi wetu wa mtandao pale hospitalini tulimwita Bwana Akiba, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa na miavuli miwili, mmoja wa kutumia na mwingine wa kusubiri wa kwanza upotee. Funguo za nyumba yake zilikuwa kwa dada yake, kwa jirani na kwa mlinzi wetu wa getini, na yeye mwenyewe alitembea na zake kwenye mfuko wa kulia na wa kushoto. Kitambulisho chake alikitoa nakala, kisha akaitoa nakala ile nakala. Ukimcheka, anakujibu kwa upole: "Cheka tu. Siku ukipoteza chako utanijia."

Mimi nilikuwa karani wa malipo, dirisha la tatu, lile lililo karibu na duka la dawa. Kutoka pale nilimwona kila alipopita na ngazi yake begani.

Kazi yake kubwa ilikuwa kutunza faiawoli, kile kisanduku cheusi kinachokaa mlangoni mwa mtandao na kuamua nani aingie na nani abaki nje. Mafaili ya wagonjwa wetu yote yanakaa kwenye kompyuta za hospitali kuu, mji mwingine kabisa, na njia ya kuyafikia inapita humo. Ndani ya kisanduku kuna mipangilio mingi sana aliyoiweka mmoja mmoja kwa miaka. Kila Ijumaa mchana alitoa nakala ya mipangilio hiyo, akaifunga kwa neno la siri, akaihifadhi kwenye flashi, halafu akaniletea flashi niifungie ndani ya kasha la fedha, kwa sababu kasha lile hata moto haulisumbui.

Nasema kila Ijumaa, hata wiki ambayo hakugusa kitu. Nilikuwa namuuliza, "Fundi, kuna kilichobadilika?" Naye anajibu, "Hakuna, lakini huwezi jua." Halafu anabaki pale dirishani akinisimulia habari za nyaya na panya wanaozitafuna, nami nikicheka, mpaka watu kwenye foleni waanze kukohoa kwa makusudi.

Nilimpenda. Nalitamka sasa kwa sababu wakati ule sikulitamka. Nilipenda anavyofuta mikono kabla ya kunipa flashi, na anavyomwamkia hadi mfagiaji kwa kusimama. Lakini mwanamume yule alikuwa na akiba ya kila kitu isipokuwa maneno. Nilingoja Ijumaa moja baada ya nyingine mpaka nikachoka, nikaomba uhamisho kwenda hospitali kuu. Nikakubaliwa, na jibu langu lilitakiwa kabla wiki haijaisha. Nikajiambia, akisema neno nabaki, akinyamaza naondoka, na nikiondoka nimeondoka.

Wiki hiyohiyo akachukua likizo, ya kwanza tangu aajiriwe, ili ampeleke mama yake kufanyiwa upasuaji wa jicho. Alipokuja kuniachia flashi mapema, kabla Ijumaa haijafika, nilimrahisishia kazi kadiri mwanamke anavyoweza.

"Fundi, huenda ukirudi usinikute. Nahama."

Akafungua mdomo. Akaufunga. Mwisho akasema, "Sasa funguo za kasha zitabaki na nani?"

Nilitamani kumrushia mhuri.

Akaondoka. Asubuhi iliyofuata umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kutoka chumba cha mitambo ikaja harufu ya plastiki iliyoungua. Faiawoli ilikuwa imekufa. Dirisha la kwanza likasimama, la pili likasimama, langu likasimama. Mfamasia, mwanamke mnene mcheshi asiyejua kunong'ona, akatoa kichwa nje ya duka la dawa na kutangaza kwamba hawezi kumpa mtu hata kidonge bila kuona faili lake. Foleni ikajaa veranda nzima na kuanza kushuka ngazi.

Daktari mkuu akaja mbio. "Nani anajua haya mambo?"

Hakuna aliyejua. Lakini Bwana Akiba ni Bwana Akiba. Stoo kulikuwa na faiawoli nyingine mpya ndani ya boksi, na juu ya kifuniko amebandika maelekezo kwa herufi kubwa, kama anayemwandikia mtoto wa chekechea: chomeka waya wa bluu hapa, washa, subiri taa ya kijani, fungua ukurasa huu, weka flashi. Flashi ilikuwa ndani ya kasha langu, kwa hiyo macho yote yakanigeukia mimi. Nikaenda chumba cha mitambo, nikachomeka, nikawasha, nikasubiri. Kila hatua ilikubali. Ya mwisho ilisema hivi: "Neno la siri: nipigie simu."

Nikampigia. Nilihitaji mikono yote kwenye kibodi, kwa hiyo simu nikaiweka spika juu ya meza. Nyuma yangu alisimama daktari mkuu, na kando yake mfamasia akiwa na kalamu na kipande cha boksi, atusaidie kukumbuka.

"Fundi, faiawoli imeungua. Mpya nimeshaiwasha, inataka paswadi."

Upande wake wa simu nilisikia kwa mbali wauguzi wakiita majina ya watu.

"Fundi, unanisikia?"

"Nakusikia. Upo peke yako?"

"Nipo na daktari, na watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Taja paswadi."

"Ondoa spika, tafadhali."

"Nitaandikaje? Kwa pua?"

"Basi mpe daktari aandike yeye. Wewe toka nje kidogo."

Daktari mkuu akasema hajui hata kufungua barua pepe bila binti yake, na kwamba kuna wagonjwa wanasubiri dawa, na fundi aache mizaha. Bwana Akiba akashusha pumzi ndefu.

"Ni sentensi," akasema. Yeye ndiye aliyetufundisha sote kwamba paswadi nzuri ni sentensi ndefu ambayo huwezi kuisahau. "Herufi ndogo zote, bila nafasi. Nitataja polepole. Piga y. Halafu u. L. E."

Nikapiga. Kwenye skrini vilitokea vitone tu. Mfamasia akaandika kwenye boksi lake.

"W. A. D. I. R. I."

Sikuwa nafuatilia maana, nilikuwa nafuatilia vidole. Ni pale alipofika t, a, t, u ndipo nilipohisi mfamasia amesogea karibu na ananitazama mimi badala ya boksi. Aliendelea, herufi moja moja, sauti ikizidi kupungua, na mimi nikaendelea kupiga kwa vidole ambavyo havikuwa vyangu tena. Nilipomaliza na kubonyeza, kompyuta ikanijibu kwamba neno si sahihi.

"Nimekosea," nikasema. "Rudia."

"Yote?" Nilimhurumia kwa jinsi alivyouliza.

"Usirudie, kaka," akadakia mfamasia. "Mimi ninayo yote hapa." Akainua boksi, akasafisha koo, na kwa sauti ile inayofika hadi getini akasoma: "Yule wa dirisha la tatu akicheka, hata mtandao ukikatika sijali."

Kutoka kwenye simu ikasikika sauti ya mama mtu mzima: "Mwanangu, ni nani huyo wa dirisha la tatu?"

Simu ikakatika.

Niliandika sentensi ile nikiwa naiona vizuri sasa, neno kwa neno, na siwezi kusema sikulengwalengwa na machozi. Safari hii ikakubali. Taa zikageuka kijani moja baada ya nyingine, na kutoka duka la dawa tukasikia mashine ya kuchapisha ikianza kuguruma. Veranda ikapiga makofi. Mfamasia akanipiga bega: "Kumbe ndiyo maana kila Ijumaa! Nami nikadhani anapenda kazi." Jioni nilimwambia daktari mkuu kwamba sihami. Akasema amelijua hilo tangu herufi zilipofika neno dirisha, hakuhitaji kungoja la tatu.

Bwana Akiba aliporudi kazini alipita akiambaa ukuta kama mtu anayedaiwa. Alifika kwangu akitazama viatu vyake.

"Paswadi iliyosikiwa na watu lazima ibadilishwe," akasema. "Ni utaratibu."

"Sawa. Nipe kompyuta niibadilishe mimi."

Kwa adabu yake akageuka upande, kwa kuwa mtu akiandika paswadi hatazamwi. Nikaandika sentensi ndefu, nikairudia kama inavyotakiwa, nikamrudishia.

"Umeandika nini?"

"Utaambiwa nyumbani kwetu, mbele ya mama. Na wewe njoo na wako."

Rangi ikamtoka. "Lakini nakala haitafunguka! Faiawoli hii ikiungua kesho?"

"Basi usichelewe."

Mtu yule hawezi kulala na kitu kisicho na akiba. Jumapili ya wiki ileile walikuwa sebuleni kwetu, yeye na mama yake, jicho likiwa limefunguliwa bandeji siku chache tu zilizopita. Mama yule akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, akanitazama kwa makini. Kisha akakaa karibu na mama yangu na kuanza kumsifia chai.

Bwana Akiba akajisogeza kwangu, kalamu mkononi. "Nitajie sasa," akanong'ona.

"Sema kwa sauti, binti," akasema mama yake. "Kilichokuwa kibovu ni jicho, masikio yangu mazima."

Kwa hiyo nikaitaja kwa sauti, mbele ya mama zetu wote wawili, nzima, bila kuikata herufi: "Habari za panya hazichekeshi, nilikuwa nacheka ili usiondoke."