Macho ya Ng'ombe Kwa Mlango Wangu

Kazi yangu ya kwanza Machakos mjini, mwanzo wa miaka ya elfu mbili, ilikuwa kubeba macho. Sio miwani. Macho yenyewe, ya ng'ombe, na bado inakuangalia.

Kiwanda yetu ndogo ilikuwa inatengeneza shampuu ya watoto, na wanunuzi walikuwa wamekataa shampuu ya kujaribiwa kwa macho ya sungura hai. Basi asubuhi naenda kichinjio na mkebe ya maji ya chumvi, nachukua macho ya ng'ombe amechinjwa tayari kwa nyama, napelekea madam wa maabara. Yeye akishasoma vitu zote ziko ndani ya shampuu, na kila moja imewekwa kiasi gani, anaweka tone juu ya kile kioo cha jicho. Ikibaki safi, sawa. Ikigeuka nyeupe kama uji, hiyo itachoma mtoto, haitoki.

Kwa ploti nilikopanga nilijua mtu mmoja tu, jirani yangu, fundi wa mawe. Bibi na mtoto aliwaacha kwao Masii. Jioni tulikuwa tunakula sahani moja. Yeye analeta muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, mimi naleta kitunguu na mdomo.

"Wewe kijana ukikufa," alikuwa ananiambia, "tutazika mwili leo, mdomo wiki ijayo."

Asubuhi moja damu ilinimwagikia kichinjio, nikapitia nyumbani kubadilisha shati. Mkebe nikaacha mlangoni. Fundi hakuwa ameenda kazi juu ya mvua. Akadhani ni mafuta ya taa, akafungua.

"Aiya! Hii ni nini?"

"Funika haraka, fundi! Imeshajua sura yako!"

Nilicheka peke yangu.

Jioni akasema ameshiba. Kesho yake pia ameshiba, mtu sijawahi kuona ameshiba tangu nimjue. Mama wa mlango ya mwisho akaanza kuita watoto ndani nikienda bombani. Siku moja nikasikia nyuma yangu, polepole, "muoi." Mchawi. Nikabeba ndoo nusu, nikarudi.

Nikamwomba fundi twende kiwandani Jumamosi, aone mwenyewe. Madam akatia sabuni ya kufulia kwa jicho moja, ikageuka nyeupe. Kwa ingine akatia shampuu yetu, ikabaki safi. Fundi akainama sana, kofia mkononi.

"Kwa hivyo huyu ng'ombe ndiye analia badala ya mtoto wangu," akasema.

Akanunua chupa, akaenda nayo Masii. Jioni alirudi akanigongea. Nilikuwa nasonga ugali. Kusikia sauti yake, nikaongeza unga.

"Mtoto hakulia," akasema. "Alitaka hata kuoshwa tena."

"Ingia basi, fundi. Keti."

Akaangalia sufuria. Akaangalia mikono yangu.

"Kijana, nimeamini. Wewe si muoi, hata yule mama nimemwambia. Lakini mkono hiyo na yangu sahani moja... Si mimi nakataa. Ni tumbo."

"Ambia tumbo mimi huoga."

Akacheka, ile kicheko yake ya zamani. Akasimama kidogo pale mlangoni, akaniambia nilale salama, akaenda.

Ukuta kati yetu ilikuwa mabati. Nikamsikia akipampu stovu, akifunika sufuria, akiketi. Nikakula kidogo. Halafu harufu ikaingia.

"Fundi! Muthokoi inaungua!"

"Asante, kijana," akasema, huko upande yake.