Koki Chini ya Kiti

Mtaa mzima ulimwita Dakika, na hakuna aliyekumbuka tena jina aliloandikishwa shuleni. Alikuwa fundi saa. Duka lake jembamba la mlango mmoja lilikuwa chini ya kilima, na ndani mlikuwa na meza yenye kioo juu, taa ya shingo ndefu, na ukuta uliojaa saa ambazo hakuna hata mbili zilizokubaliana. Ukimpelekea saa na kumwuliza itakuwa tayari lini, hakukwambia "kesho" kama mafundi wengine. Aliiweka sikioni, akafumba macho, kisha akatamka, "Alhamisi, saa tisa na robo." Na Alhamisi, saa tisa na robo, ungeikuta inakungoja juu ya kitambaa cheupe.

Lakini mtu huyu ambaye hakukosea katika mali za wengine alijishuku katika kila jambo lake mwenyewe. Alikuwa akifunga duka, anapiga hatua kumi, kisha anarudi kulitikisa kufuli. Aliitikia salamu, akatembea njia nzima akijiuliza kama aliitikia inavyopasa. Kwa mtu wa namna hiyo, kukabidhiwa gari la dada yake kulikuwa kama kubebeshwa yai juu ya kijiko.

Lilikuwa gari la michezo la zamani, jekundu, lenye milango miwili na viti viwili, paa la turubai, na boneti ndefu kama pua ya mtu anayenusa habari. Dada yake, muuguzi mstaafu, alilinunua mwaka alipofanywa msimamizi wa wodi, wakati wenzake wakinunua makabati. Kwa miaka ishirini na saba aliliendesha kwenda kazini na kurudi, kitambaa kichwani, miwani ya jua machoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba gari lile halikumfaa mwanamke wa makamo yake. Sasa alikuwa amelazwa katika mji mwingine, anabadilishwa nyonga, na ndugu walikutana sebuleni kwa kaka mkubwa kuamua hatima ya gari.

Kaka mkubwa alikuwa afisa wa forodha mstaafu, na bado alizungumza kana kwamba anagonga mhuri mwishoni mwa kila sentensi.

"Magari ya zamani yanaibwa kila wiki," alisema. "Juzi limekwenda la mfamasia, na mnyororo wake juu. Hili letu halina hata kompyuta ndani. Mwizi anahitaji bisibisi na moyo mgumu, basi. Mimi nasema tuliuze sasa, dada akiwa bado amelala. Akiamka tutamweleza."

"Shemeji, dada amelazwa nyonga, hakulazwa masikio," mke wa Dakika alisema, akinyoosha kidole kwenye simu iliyokuwa mezani.

"Nakusikieni wote," simu ikasema.

Kaka mkubwa alikohoa. Dada hakupandisha sauti. Wodini hakuwahi kuhitaji kuipandisha. "Dakika atakaa nalo. Mwisho wa mwezi, wewe kaka, nenda ukalitazame kwa macho yako. Ukiona haliko salama, liuze, na mimi sitafungua mdomo. Ukiona liko salama, habari ya kuuza isisikike tena katika nyumba hii mpaka nife. Dakika, umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

"Basi usiniaibishe."

Siku hiyohiyo aliliegesha mbele ya duka, mahali alipoweza kuliona kila alipoinua kichwa, na kuanzia hapo akawa anainua kichwa mara nyingi kuliko alivyokiinamisha. Kwanza alifunga mnyororo kwenye usukani, kisha akakumbuka mnyororo wa mfamasia, akaufungua. Halafu akafunga king'ora. King'ora kililia kila lori lilipopita, kikalia paka alipotua juu ya turubai, kikalia mwenye duka la vitabu alipopiga chafya. Siku ya tatu mshonaji, ambaye cherehani yake ilikuwa katikati ya kilima, alishuka mwenyewe.

"Fundi, hicho kidude chako kinamlilia kila mtu. Mwizi akija, tutamjuaje?"

Dakika aliking'oa.

Ndipo alipofikiria petroli. Injini isiyopata mafuta haiendi popote. Hilo halikuhitaji shahada. Alikuwa na koki ndogo ya shaba, ya kufungua na kufunga, aliyoitoa zamani kwenye jiko lililokufa. Jumapili nzima alilala chini ya gari, akalikata bomba la petroli linalopita chini ya sakafu, akalipitisha hadi chini ya kiti cha dereva na kuipachika koki hapo, kisha akaifunika kwa zulia. Kazi ilikuwa safi kama ya saa ya mkononi. Aliifunga koki, akaenda kulala akiwa na amani ambayo hakuwa nayo kwa siku nyingi.

Jumatatu, mtu aliyerudia kufuli mara mbili kila siku ya maisha yake alisahau koki aliyoifunga mwenyewe. Aliingia garini, ambalo jua lilikuwa limelipasha, kwenda kuchukua vioo vya saa, akawasha, na gari likawaka vizuri tu. Likapanda kilima likiimba. Likapita ukuta mrefu wa ghala, likapita kwa mshonaji, na mbele ya karakana ya matairi likakohoa mara mbili na kuzimika.

Mwenye karakana, mwanamke mpana wa mabega waliyemwita Mama Matairi, alitoka akifuta mikono. Mafundi wake wawili wakatoka nyuma yake.

"Fundi! Gari la dada lina kwikwi?"

"Sijui limepatwa na nini," Dakika alisema, na papo hapo akajua. Alihisi joto likimpanda kutoka shingoni. Kabureta ina kibakuli chake cha petroli; alikuwa amefunga bomba, lakini kibakuli kilibaki kimejaa, na gari lilikuwa limekunywa kibakuli chote njiani. Kufungua koki mbele ya watu wale kungekuwa kuitangaza siri. Wakalirudisha kinyumenyume hadi dukani, Dakika akishika usukani kwa aibu, mafundi wakilishikilia kwa mbele lisikimbie, Mama Matairi akiongoza msafara na kuwasalimu watu kana kwamba ni maandamano ya ushindi.

Lakini mkono wa fundi saa una tabia zake. Gari lilipozimika, kabla hajaona aibu, Dakika alikuwa ameshatazama saa, kama alivyoitazama alipowasha. Dakika moja na sekunde arobaini.

Alikaa na tarakimu ile kutwa nzima. Gari linalokataa kuwaka, aliwaza, humwachia mwizi nafasi ya kuinama kimya na kutafuta sababu, au kuleta gari jingine na kulivuta. Gari linalokubali kuwaka, likamtoa mwizi mafichoni na kumtelekeza mlimani, mbele ya watu, mahali ambapo mtu mmoja hawezi kulisukuma, hilo ni gari lenye akili. Kisha akajishuku, kama kawaida yake. Je, kama ni bahati tu? Kama kesho litafika kileleni na kuteremkia upande wa pili?

Akafungua daftari. Kwa wiki mbili alifunga koki kwa makusudi, akawasha, akapanda, akazimika, akaandika. Injini ikiwa baridi, gari lilikufa mapema, kando ya ukuta wa ghala, pasipo na mtu. Hilo halikumridhisha. Akasogeza maegesho hatua thelathini mbele, ikabidi kila asubuhi amwombe radhi jirani aliyezibiwa dirisha. Sasa injini baridi ilifika kwa mshonaji, na injini yenye joto ilifika kwa Mama Matairi. Mara kumi na tisa alijaribu. Mara kumi na tisa walimrudisha.

"Fundi, kwikwi haijapona?" Mama Matairi alimwuliza mara ya kumi na mbili.

"Hii si kwikwi. Ni ratiba."

Mafundi walicheka mpaka wakashika magurudumu. Mtaani ikaenea kwamba kazi ya vipande vidogo imemharibu Dakika kichwa. Nyumbani mkewe hakumwelewa pia.

"Nimekuzalia watoto watatu, na hutaki kunambia kulikoni na gari lile?"

"Nikikwambia, utamwambia mshonaji."

"Mshonaji nilishamwambia kwamba hunambii."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, kaka mkubwa alifika na mnunuzi, bwana mmoja mtaratibu mwenye suruali ya mikunjo mikali, mkusanyaji wa magari ya zamani. Walilizunguka gari. Mnunuzi aliipapasa boneti, akachungulia ndani na kutikisa kichwa kwa huzuni ya mpenzi.

"Sioni mnyororo," kaka mkubwa alisema. "Sioni king'ora. Mdogo wangu, ulinzi wenyewe uko wapi?"

"Upo, kaka. Ingieni ndani niwaeleze mkiwa mmekaa."

Hawakuwa wamekaa vizuri. Nje kulisikika mlango ukibamizwa, starta ikazunguka, injini ikanguruma. Kaka mkubwa alifika mlangoni kwa wakati wa kuuona mgongo mwekundu ukiondoka.

"Gari! Dakika, gari la dada linaibwa mbele yangu!"

Mnunuzi alikwisha toa simu kuwaita polisi. Dakika peke yake alibaki amesimama nyuma ya meza, lenzi bado jichoni, anatazama saa ya ukutani aliyoiamini kuliko zote.

"Sekunde kumi," alisema.

"Umerukwa na akili? Kimbia!"

"Kumi na tano, kaka."

Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko mawazo yake. Je, alikuwa ameifunga koki asubuhi? Alijaribu kuukumbuka mkono wake ukiingia chini ya kiti, na hakuuona. Aliukumbuka mkono wa jana, na wa juzi, na wa siku zote zile nyingine. Wa leo haukuwepo. Jambo ulilolifanya mara nyingi mno haliachi alama. Alimwona dada akiingia kwa mkongojo, akitafuta kwa macho mahali patupu mbele ya duka. Hamsini. Injini ilisikika ikipita ghala, kisha ikipita kwa mshonaji. Ni injini yenye joto, kwa kuwa alikuwa amelizungusha mtaani asubuhi kabla ya kulifuta vumbi. Dakika moja na ishirini. Kaka mkubwa alikuwa ameshika kichwa. Na thelathini. Na arobaini.

Kilima kilinguruma vilevile.

Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Dakika alifumba macho, kama afanyavyo akiisikiliza saa ya mteja.

Juu kule kitu kilikohoa mara mbili. Kisha kimya kikatanda juu ya mtaa.

"Sekunde mbili zaidi," Dakika alinong'ona. "Dereva ana mguu mwepesi."

Hawakuhitaji kupanda. Waliposimama mlangoni, waliona gari jekundu likishuka kinyumenyume, polepole, limezungukwa na watu. Fundi mmoja wa matairi alikuwa amekaa kiti cha abiria, chuma cha kubandulia tairi mapajani. Kwenye usukani alikuwa mwanamume mwenye shati safi na uso uliokwisha rangi. Mama Matairi aliongoza msafara.

"Fundi, kwikwi yako leo imetuletea mgeni!" alipaza sauti. "Tumetoka kusukuma kama kawaida, tukamkuta huyu. Namwuliza, Dakika yuko wapi? Ananiambia, kanituma nilijaribu gari."

"Kweli kanituma," mwenye shati alisema bila nguvu.

"Nyamaza! Nikamwambia, Dakika hamtumi mtu hata chumvi. Huenda mwenyewe, kisha hurudi dukani kuhakikisha kuwa ni chumvi. Nikawaambia vijana wangu, ingieni, gari hili njia yake ni moja."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Gari likasimama pale pale lilipokuwa limeegeshwa, na mwenye shati akashuka mwenyewe, kwa adabu, kama abiria aliyefika. Askari wa kituo cha jirani walimkuta ameketi kwenye kiti cha wateja, mafundi wawili kando yake, anazitazama saa zisizokubaliana.

Hapo ndipo Dakika alipoinua zulia na kuwaonyesha koki. Ilikuwa imefungwa. Alieleza kibakuli, kilima na daftari, na akiwa anaeleza alisikia jambo geni: hakuna aliyemkatiza. Mshonaji alimnyang'anya mke wa Dakika, aliyekuja mbio aliposikia kelele, nafasi ya mbele ili aone vizuri. Mnunuzi alichutama, akaifungua na kuifunga mara kadhaa, kisha akasimama na kupangusa magoti ya suruali yake.

"Bwana fundi, hili halinunuliki, naona. Lakini mimi ninayo manne nyumbani, na nyuma ya nyumba yangu kuna kilima. Utakuja lini?"

Dakika alifikiri kidogo. "Jumanne. Saa nane na nusu."

Kaka mkubwa alikuwa amekwisha piga simu hospitali. Kwa heshima yake, alisimulia yote bila kupunguza, hata pale alipokuwa ameshika kichwa. Mwisho akasema, akigonga mhuri, "Liko salama. Nimeliona kwa macho yangu." Kisha akamkabidhi mdogo wake simu na, kwa mara ya kwanza tangu wawe watu wazima, akamwekea mkono begani na kuuacha pale.

"Nasikia umewatia aibu wezi," dada alisema.

"Nilikuwa na wasiwasi kwamba sikuifunga."

"Ulikuwa na wasiwasi, na uliifunga. Unataka nini zaidi? Wananiruhusu Ijumaa. Nijie nalo."

Ijumaa alikwenda. Daktari alimkataza dada kuendesha, na kwa hilo peke yake alitii. Lakini aliamuru paa lifunguliwe. Mkongojo ulikataa kuingia kokote katika gari lile dogo, kwa hiyo aliusimamisha katikati ya viti kama mlingoti, akafunga kitambaa kichwani, akavaa miwani. Wauguzi waliowahi kuwa chini yake walitoka wodini kumuaga. Gari likawaka mara moja.

"Dakika," dada alisema walipofika langoni, "pita taratibu. Nataka wanione."

Naye akapita taratibu, kifua mbele, wala hakugeuka kuangalia kama alikuwa amefunga mlango.