Jicho la Fundi Katikati ya Duara

Mimi ni fundi cherehani, na Jumamosi ni refa. Shule niliiacha darasa la sita, lakini jicho nilitoka nalo: nakukadiria kiuno ukiwa ng'ambo ya barabara, bila kugusa futi. Kwa hiyo uwanjani sikuona haja ya kukimbia. Nilisimama kwenye duara la kati, tumbo mbele, filimbi mdomoni, na mechi ikanizunguka.

Mpwa wangu, binti wa dada, ndiye aliyeshika kibendera. Kila mara aliniasa kwamba refa huufuata mpira, hangoji aletewe habari zake. Nikamjibu nilianza kupuliza filimbi yeye bado ananyonya. Mwenyekiti wa ligi naye akaapa: akigundua nimekosea goli kwa kusimama mbali, filimbi inahamia kwa binti.

Basi siku hiyo waashi walicheza na makanika, bila kwa bila hadi dakika ya mwisho. Muashi mmoja akafumua shuti, mpira ukagonga mwamba, ukadunda chini karibu na mstari. Mimi niko hatua hamsini. Nikafinya jicho la fundi, nikapuliza: goli. Na mkono nikaunyoosha kwa madaha.

Makanika wakanizingira. Mmoja wala hakufoka. Alinionyesha bukta niliyowashonea kwa jicho, kaifunga kiunoni kwa waya wa umeme.

"Mzee, na hii uliipimia ukiwa umesimama hapahapa?"

Hata waashi walicheka, nao wamezishika zao kwa mkono.

Nikatoka duarani, mara ya kwanza tangu mechi ianze, nikamfuata mpwa wangu huku nahema kama mvukuto.

"Mjomba, haukuvuka," akasema taratibu. "Mimi nilikuwa mstarini."

Mwenyekiti alikaa nyuma ya goli la pili, hakuona kitu. Ningekaza shingo, filimbi ingebaki yangu. Ila binti alikuwa ananitazama, na mama yake ni dada yangu mkubwa, ananijua tangu niko na kamasi.

Nikalifuta goli.

Siku hizi filimbi anayo yeye, kibendera ninacho mimi. Nakimbia pembeni juu chini, na akinikuta nimesimama ananipulizia. Mwezi haujaisha, suruali zangu zote zikaanza kuniteremka. Nikazipunguza kwa jicho, zikateremka tena. Mwishowe nikachukua futi, maana jicho lilikuwa bado linaliona tumbo la zamani.