Nimefungwa mkaja wa mimba ambayo haikuwepo

Naomba jina langu libaki kwenu. Nina miaka thelathini na saba, nimeolewa miaka kumi na mmoja, na naishi Jomvu Kuu nyumba moja na mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu. Nashona madera nyumbani. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma upande wa Port Reitz. Hatuna mtoto. Nawaandikia nikiwa nimechoka, kwa hivyo nikirukaruka mnisamehe.

Nina ugonjwa wanaouita PCOS. Kwa nilivyoelezwa, homoni zimevurugika na mayai hayakomai inavyotakiwa. Kwangu mimi maana yake ni ndevu ninazong'oa kidevuni kila Ijumaa, unene usiojali nimekula au nimelala njaa, na damu. Damu ikikatika huweza kukatika miezi miwili, mitatu, na ikirudi hukaa wiki tano. Nimeongezwa damu hospitalini mara mbili. Vidonge vilinipandisha presha. Kitanzi nilichowekwa kwenye kizazi kilitoka chenyewe. Dawa za kupevusha mayai nimemeza mizunguko sita, kila mzunguko nikijipa moyo upya. Nikishona huwa nimekalia leso nyeusi iliyokunjwa mara nne. Mteja akija simwinukii, naye huondoka akidhani nina maringo.

Mwaka huu daktari aliniambia kwamba kizazi kinaweza kutolewa. Hakunipambia maneno. "Damu itakoma kabisa, na kubeba mimba pia. Lakini ndevu, uzito na sukari havitaondoka, kwa sababu ugonjwa wenyewe haukai kwenye kizazi. Zipo njia nyengine hatujazijaribu, ila najua umejaribu nyingi. Nenda ufikiri, uzungumze na mumeo." Nilitoka pale nikitarajia kulia na sikulia. Niliona raha. Niliionea aibu raha ile, ndiyo maana sikumwambia mtu.

Ikaingia Ramadhani, na damu ilikuwa imekatika wiki mbili kabla. Nikafunga mwezi mzima. Mlioolewa kwenye nyumba za Kiswahili mnajua: mwenye hedhi hafungi, kwa hivyo mwanamke wa umri wangu akifunga Ramadhani yote bila kula hata siku moja, jikoni wanaona. Mimi kila mwaka hubaki na siku nyingi za kulipa. Siku ya Idi mavyaa alinivuta chumbani kwake, akanishika mashavu.

"Mwanangu, mwezi mzima hukula mtana hata siku moja. Nalikuwa nikikutazama. Mbona wanificha jambo la kheri?"

Nilikuwa nimeshapima siku tatu nyuma, kwa kile kipimo cha mimba cha duka la dawa, na mstari ulikuwa mmoja. Nilijua ni ugonjwa. Nilichotakiwa kusema ni "La, Mama." Badala yake niliinamisha uso nikatabasamu. Wallahi hadi leo najiuliza kwa nini. Nafikiri nilitaka nitazamwe vile kwa siku mbili tatu tu.

Baada ya hapo sikuosha sufuria tena. Alinipikia uji wa mtama kwa mkono wake na akamkataza mwanawe kunituma hata maji ya kunywa. Mume wangu akawa anarudi kutoka kazini na maembe mabichi ambayo sikumwagiza. Kila siku nilipanga kusema, na kila siku nilikuta sababu ya kungoja kesho.

Wiki tatu baada ya Idi damu ikaja, nyingi, nikiwa kwenye cherehani. Mavyaa ndiye aliyenikuta. Akadhani mimba imetoka. Mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda akalia, na miaka yote kumi na mmoja sikuwahi kumuona akilia. Hapo ningeanzia wapi?

Tangu siku ile mavyaa ananihudumia kama mzazi. Kila asubuhi huja na beseni la maji ya moto, hunikanda tumbo na mgongo, kisha hunifunga mkaja, ile leso ya kukaza tumbo anayofungwa mwanamke aliyejifungua. Ana miaka sabini na magoti yanamuuma, lakini hupiga magoti hayo mbele yangu.

"Inua mikono, mwanangu," husema. "Kizazi kishajua njia. Alokupa mara moja hashindwi kukupa tena."

Nami huitikia, "Inshallah, Mama."

Juzi nilijikaza nikamweleza mume wangu habari ya upasuaji. Hakukasirika, na bora angekasirika. Alisema, "Kama iliingia yenyewe bila dawa, kwa nini tukate tamaa sasa? Tungoje mwaka mmoja tu." Kwake mwaka mmoja ni kungoja. Kwangu ni leso nyeusi na chupa nyengine ya damu ya watu.

Msinielewe vibaya, mtoto nilimtaka, na nilimtaka sana. Lakini siku hizi nikinyanyua mikono kuomba dua, ninachoomba ni kukauka. Nikisema ukweli, nawanyang'anya mtoto ambaye wameshamlilia, na sijui kama watanitazama tena. Nikinyamaza, nitaendelea kuvuja kwa sababu ya tabasamu langu mwenyewe. Kinachonitisha zaidi ni kwamba kuna asubuhi, mikono ya yule mama ikiwa tumboni mwangu, najikuta nami naamini palikuwa na kitu.

Daktari anataka jibu Jumatatu. Tafadhali msiniambie nivumilie, uvumilivu nimeutumia wote. Ninachouliza ni hiki: nyinyi mngesema kwanza, au mngekwenda mkapasuliwa kisha mkasema? Kesho asubuhi atakuja na beseni lake, atapiga magoti, ataniambia niinue mikono. Nishaurini, nimwambie nini kabla hajafunga fundo?