Dizeli ya chumba cha samaki Nchelenge: mwizi hakuwa Ba Mwape

Wakuu, salamu kutoka Nchelenge. Nachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie. Chumvi sitatia, maana aibu yenyewe ni yangu.

Jana nimesoma uzi wa jamaa anayelalamika AC ya ofisini kwao inanguruma kutwa madirisha yakiwa wazi. Wote mlicheka. Mimi sikucheka.

Miaka ya hamsini, nikiwa kijana mwenye majivuno, niliajiriwa na tajiri mmoja wa samaki hapa ziwani Mweru. Alikuwa na cold room, chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki, inayopozwa na injini ya dizeli. Kazi yangu ilikuwa kuisimamia hiyo injini.

Kuisimamia ni kusema tu, maana haikuzimwa kamwe. Ilikunywa dizeli kama mlevi.

Ndipo fundi wetu Ba Mwape (Ba ni neno letu la heshima), mzee wa kanisa, mtu mpole, akaziba nyufa za mlango kwa blanketi kuukuu. Akatundika kipimajoto ukutani na kukichorea mstari mwekundu. Baridi ikifika kwenye mstari, zima. Joto likipanda, washa. Control yenyewe ya kudhibiti baridi ndiyo hiyo, na ilifanya kazi! Pipa la dizeli likaanza kudumu.

Shida ikawa wavuvi. Wale wa kisiwa cha Kilwa, hiki cha humu ziwani Mweru, walizoea kuisikiliza injini wakiwa majini, ndipo waamue wauze samaki wapi. Kwao kimya kilimaanisha uozo.

"Mashini yenu imekufa!" walinipigia kelele wakipita. "Weye unachunga nini mule, kaburi?"

Soko zima likaniita mlinzi wa kaburi. Na wakati huo nilikuwa natafuta mchumba, wakuu!

Basi Ba Mwape akigeuza kisogo tu, nawasha. Mstari ukipitwa, naiacha ingurume. Mitumbwi ikarudi, nikavimba kichwa.

Kisha mvua ikakata barabara. Lori la dizeli likachelewa, pipa likakauka, samaki wote wakaoza.

Tajiri akamgeukia Ba Mwape. "Ulisema pipa itafika mpaka lori inakuya. Dizeli iko wapi? Umeuzisha!"

Ba Mwape akanitazama. "Mwana, ulikuwa unazima pa mustari, vile nilikuonyesha?"

"Ndiyo, ba tata," nikamjibu, kama mwana kwa baba. "Nilizima."

Akaniamini. Hapo ndipo panaponiuma zaidi.

Alifukuzwa kama mwizi. Kanisani wakamtoa kwenye benchi la wazee. Akahama Nchelenge, akaenda kuishi Puta na mkewe, na huko ndiko alikofia. Mimi nikabaki na kazi yangu, na sikuwahi kwenda kumwomba radhi. Niliona haya.

Funzo? Injini ikizimwa kwa wakati wake haijafa, msiogope kimya. Na wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu mno.

Nitukaneni tu, uwanja ni wenu. Ila kama humu kuna mtoto au mjukuu wa Ba Mwape wa Puta, nakuomba uandike hata neno moja. Mzee wako hakuiba dizeli. Niliichoma mimi, ili nisichekwe.