Namba Kumi na Tisa

Kwa miaka thelathini na moja Lamara alifua mashuka ya wataalamu wa nyota, na hakuwahi kutia mguu kule mlimani walikoyalalia. Kila Jumatatu lori lilishusha marobota kwenye nyumba ya dobi, bondeni, katika mji mdogo wa Abastumani. Alhamisi likayapandisha yakiwa yamepigwa pasi. Basi. Alipostaafu, mumewe akiwa ameshafariki, dada wa marehemu, Tsiuri, alihamia kwake, na hapo ndipo utulivu wa nyumba ulipokwisha.

"Wifi, vaa viatu," Tsiuri alimwambia asubuhi moja ya Septemba. "Tunawatembelea wateja wako."

"Na magoti yangu haya?"

"Magoti utayapumzisha. Kuna kigari kinachoning'inia kwenye waya mpaka juu."

Kumbe mwoga alikuwa ni yeye Tsiuri. Aliingia kigarini na kufumba macho, mkono wa Lamara kaubana kama koleo.

"Tumefika?"

"Hata hatujaondoka, wifi."

Juu, kwenye kituo cha kutazamia nyota, walipokewa na Eka, mtaalamu wa jua, mwanamke mwenye mvi na sweta iliyotoboka kiwiko. Aliwaonyesha kuba la zamani na darubini yake ndefu, kisha akawaingiza kwenye chumba chenye giza, ambako jua lilishushwa kwa vioo mpaka likatua juu ya karatasi nyeupe, duara kubwa kama sinia.

Lamara aliinama, akakunja uso. "Mwanangu, vioo vyenu vichafu. Nipe kitambaa."

"Vioo ni safi, mama. Hayo madoa ni ya jua lenyewe. Hilo kubwa linaimeza dunia yetu nzima."

Lamara alinyoosha kidole, na doa likamkaa juu ya ukucha.

"Hilo hata kwa magadi yako halitoki," Tsiuri akasema. "Usimshangae, mama huyu ndiye aliyekuwa akiwafulia."

Eka akageuka. "Wewe ndiye uliyekuwa ukishona namba za vyumba kwenye mashuka kwa uzi mwekundu? Mimi nilikuwa kumi na tisa!"

"Kumi na tisa!" Lamara alishika kiuno. "Kumbe ni wewe! Miaka yote hiyo unamwaga chai kitandani! Nimekulaani mimi, we mwanamke, mpaka ulimi ukachoka!"

Eka alijifunika uso kwa viganja. "Ni baridi, mama. Siku hizo nilikuwa bado nachunguza nyota, usiku kucha nje. Nilikuwa nikirudi alfajiri vidole vimekufa ganzi, kikombe hakishikiki."

Lamara alimtazama vile vidole vyembamba. Hakuwa amewahi kufikiria kwamba aliyekuwa akimchosha alikuwa akitetemeka.

"Umekula?" akamuuliza.

Walikaa watatu chini ya misonobari, wakamega mkate wa jibini na kula nyanya kwa chumvi. Eka aliwasimulia habari za binti yake aliyeolewa mbali, Tsiuri akamtafutia kasoro mkwe ambaye hajamwona, na Lamara akacheka mpaka kilemba kikamvuka.

Oktoba, jozi zilipoiva kwenye miti ya Lamara, Eka alishuka bondeni na mumewe kusaidia kuzipukutisha. Wakalala kwake siku mbili.