Mama Geti na Vijiti vya Lesi

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutoamini watu. Alikaa kwenye geti la kiwanda cha nguo, na kila mwanamke aliyetoka kazini alipita mbele yake: mkoba ukafunguliwa, mtandio ukakung'utwa, viatu vikavuliwa. Aliwahi kukuta vifungo vya shati ndani ya chupa ya chai. Aliwahi pia kumpongeza dada mmoja kwa ujauzito na kumuuliza una miezi mingapi, na kabla dada hajajibu, mimba ikaanza kufunguka yenyewe na kuburuzika sakafuni, kitambaa kizuri cha maua. Ndipo wakamwita Mama Geti. Alipostaafu aliacha funguo na sare, jina akaondoka nalo.

Nyumbani aliishi na binti yake, mfumaji wa lesi. Lesi ile haifumwi kwa sindano. Uzi huzungushwa kwenye vijiti vyembamba vya mbao, vijiti vinaning'inia kwenye mto mgumu uliochomekwa pini, na mfumaji huvipishanisha huku na huku mpaka ua litokee. Binti hakuwa na vijiti vya maana. Alitumia penseli na vipande vya mpini wa ufagio, uzi ukawa unanasa na kukatika, naye akawa anasonya kutwa nzima.

"Tuagize tu dukani, mama."

"Kwa nani? Unamjua?"

"Mama, ni duka."

"Ndiyo maana nauliza."

Mama Geti alikuwa na msimamo wake: kitu ambacho hakukiona kikitengenezwa, hakiamini. Akachukua picha ya kijiti kutoka kwenye kitabu cha binti yake, akaenda mtaa wa pili kwa fundi wa kukereza mbao.

Huyo walimwita Fundi Miguu, maana nusu ya vitanda na meza za pale mtaani zilisimama juu ya miguu aliyoikereza yeye. Alikuwa pande la mtu, vidole kama mihogo. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la misumari, dirisha la wavu, maranda hadi vifundoni, na kerezo, mashine ya kuzungusha mbao, lililoendeshwa na mota ya zamani ya pampu ya maji. Mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri, aliitazama ile picha, akaigeuza juu chini, akairudisha.

"Hivi? Mbona vitu vidogo."

"Umewahi kuvitengeneza?"

"Mama yangu, mimi nimekereza mbao tangu sijaota ndevu."

Mama Geti aliona jibu limepita kando ya swali, kama mtu anayehamishia mkoba kwenye bega lisilokaguliwa. Akasema, "Basi nifundishe, nivitengeneze mwenyewe." Fundi akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akamsogezea aproni.

Kufundisha, alifundisha. Alimwonyesha namna ya kubana mti katikati ya ncha mbili za kerezo, namna ya kulaza patasi juu ya chuma cha kuegemeza, na namna ya kusukuma kwa kiwiliwili badala ya kifundo cha mkono. Siku za mwanzo patasi ilikita, mti ukaruka na kugonga bati, na Mama Geti akarudi nyumbani na maranda kwenye nywele kama kuku aliyelala bandani. Lakini mkono ulizoea. Mti wa pembe nne ukawa wa mviringo, mviringo ukawa mwembamba, na asubuhi moja akatoa kijiti chenye kichwa, shingo na tumbo. Kilipinda kidogo, lakini kilikuwa kijiti.

Hapo ndipo shaka zilipoanza.

Kwanza, fundi hakuwahi kukereza kijiti hata kimoja mbele yake. Kila alipomwambia, "Hebu nionyeshe wewe," kulizuka jambo: mkanda wa mota umelegea, mteja wa kitanda anakuja, mwanga hautoshi. Pili, kila kijiti alichokimaliza fundi alikipokea, akakizungusha mbele ya macho, akasema "Si kibaya," akakifunga kwenye leso na kukitia mfukoni. Hakikurudi tena. Tatu, na hili ndilo lililomnyima raha, kesho yake asubuhi fundi alikuja anajua ubovu wa kijiti kile kuliko alivyoujua jana. "Shingo yako nene, uzi utajaa haraka." "Hapa umeacha kijinundu, uzi utanasa." Mbona jana hakukiona? Kuna mtu alikuwa anamwambia. Mtu huyo ni nani, na anavifanyia nini vijiti vya watu?

Akarudia mbinu ya kazini. Kila kijiti alichokitoa alikichora mkwaruzo mdogo chini ya kichwa, kama alivyokuwa akitia alama majora ya kitambaa kiwandani. Kisha akaanza kupita madukani na kutazama kwenye vioo.

"Anaviuza," alimwambia binti yake. "Au anampelekea mtu aige mtindo wako. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Mama, mtindo gani? Vile vijiti vimepinda."

"Ndiyo ujanja wenyewe. Anachukua vilivyopinda tusishtuke."

Binti aliweka mto chini. "Mama, geti umelistaafu, lakini naona limekufuata hadi sebuleni."

Mama Geti akavaa viatu. Kulikuwa na duka moja ambalo hakuwa amelipitia.

Mchana mmoja akakereza kijiti kizuri kuliko vyote. Fundi alikishika muda mrefu, akameza mate, akakifunga kwenye leso. Saa ya mapumziko ikafika, akatoka. Mama Geti akavua aproni akamfuata kwa mbali, akijitia hamnazo, mara kufunga kiatu, mara kutazama matangazo ukutani. Fundi akakata kona ya kiwanda cha matofali, akaingia uchochoroni, akafungua mlango wa uani wa nyumba ndogo bila kubisha. Mlango ukabaki wazi kidogo.

Mama Geti akasimama nyuma ya nguo zilizoanikwa. Moyo ulimdunda kwa furaha ile ya zamani, ya mkono unapogusa kitu kigumu ndani ya bitana.

Jikoni alikaa mwanamke mzee, miguu imefunikwa shali, na mapajani ana mto wa lesi uliochakaa, umetoboka kwa pini za miaka na miaka. Fundi alisimama mbele yake, mikono nyuma, jitu zima kama mwanafunzi aliyechelewa. Yule mzee alizungushia uzi kwenye kijiti, akakiachia kining'inie, akakirusha juu ya kingine chenye mkwaruzo uleule, akakivuta.

"Hiki kinaenda," alisema. "Tumbo lina uzito wa kutosha. Lakini kichwa ni kidogo, uzi utachomoka. Mwambie akiongeze."

"Nitamwambia, dada."

"Na vyako viko wapi? Mbona kila siku unaniletea vya mwanafunzi?"

Fundi akainamisha kichwa. "Vyangu vinavunjika, dada. Nikifika shingoni tu, kata! Mikono hii imezoea miguu ya vitanda."

"Kwa hiyo unamfundisha mtu kitu usichokijua."

"Aliniuliza mbele ya watu. Ningesema nini?"

Mama Geti hakujua kwamba amecheka mpaka shuka iliyoanikwa ilipotikisika. Fundi akageuka. Uso wake ulipita rangi zote.

"Umenifuata?"

"Nimefuata mali yangu. Nimeitia alama."

"Kumbe ile mikwaruzo ni yako! Nilidhani patasi ina pengo. Nimeinoa wiki nzima!" Sauti ilimpanda. "Mimi nakupa elimu, wewe unanitia alama kama mwizi!"

"Elimu ipi? Umesema mwenyewe huijui!"

"Nyamazeni wote wawili," alisema dada mtu. "Mmoja mwongo, mwingine mpekuzi. Mwenzangu, ingia ukae, umesimama kwenye shuka zangu. Na wewe, mdogo wangu, bandika chai."

Chai ilinywewa palepale jikoni. Fundi alimaliza yake akaondoka bila kuaga, na kwa siku kadhaa karakana ilikuwa imefungwa kufuli kwa ndani kila Mama Geti alipofika. Mota ilisikika ndani. Alijua yumo, na fundi alijua kwamba anajua. Mwishowe Mama Geti akasimama dirishani akasema kupitia wavu, "Fundi, nilikosea kukufuata. Lakini na wewe ungeniambia."

Mota ikazimika. "Ningekwambia, ungeniamini?"

Mama Geti akalipima swali kwa haki. "Hapana."

Kufuli likafunguliwa. Juu ya meza lilikuwepo lundo la vijiti vilivyovunjika shingoni. Siku hiyo fundi akakereza kijiti mbele yake kwa mara ya kwanza, jasho likimtiririka, na kijiti kikakatika na kumpiga kidevuni. Mama Geti akasogea, akamwonyesha alivyojifunza kukiegemeza kwa kidole kwa nyuma, wepesi tu, kama unavyomshika mtoto anayeanza kutembea. Cha nne hakikukatika. Fundi alikiweka dirishani akakitazama mpaka mteja wa kitanda akakohoa.

Tangu hapo vijiti vilipelekwa kwa dada mtu mchana kweupe, na Mama Geti akavipeleka mwenyewe. Dada mtu alivikataa vingi. Alikuwa mgumu kuridhika, na kwa sababu hiyo Mama Geti alimwamini upesi kuliko alivyowahi kumwamini mtu.

Seti ya vijiti ilipokamilika aliimwaga mezani mbele ya binti yake. Binti akavizungushia uzi, akaanza kuvipishanisha, navyo vikagongana kwa sauti laini ya mbao.

"Vizuri sana, mama."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Kweli, mama. Havinasi."

Mama Geti akavuta kiti karibu, akavaa miwani, akakaza macho kwenye mikono ya binti yake. "Endelea," alisema. "Nataka kuona."

Akakaa hapo mpaka ua la kwanza likatoka zima.